Kitambaa Nilichokitoa Kwenye Picha

Niliondoka Kibaha Jumamosi moja ya mwezi wa nane kwa sababu ya sifa. Ningependa kuandika kwamba niliondoka kwa ajili ya toba, lakini huo ungekuwa uongo mwingine, nami nimeshasema wa kunitosha. Picha yangu ya msitu, ile ambayo wengi wenu mmeiona ukutani pale mapokezi ya ofisi yetu, ilikuwa imependwa kwenye maonyesho ya picha za mazingira. Waandaaji wakataka picha ya pili ya mahali palepale, safari hii wakati wa kiangazi, waziweke zote mbili kwenye kalenda. Nilifurahi mpaka chakula kikanishinda.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Festo, karani wa masjala, Mnyamwezi wa Tabora niliyehamia Kibaha kikazi. Nimepanga chumba na sebule mtaa wa Picha ya Ndege, na wenzangu ofisini hawachoki kunichekea kwamba mtaa na mpangaji wamepatana. Sinywi, sichezi bao, mpira nausikia kwa majirani. Starehe yangu ni kuwasha pikipiki siku ya mapumziko, begi la kamera mgongoni, nikatafute mahali pasipo na nguzo ya umeme, bati wala mtu. Mahali pa namna hiyo panazidi kuadimika huku kwetu. Zegereni ni viwanda, Kwala ni makontena, na kwingineko hata kichaka kina jiwe la upimaji.

Kabla ya safari yenyewe, lazima nieleze nilichofanya safari ya kwanza, msije mkanionea huruma pasipostahili.

Mwezi wa kumi na moja uliotangulia nilifika kijiji kimoja cha Kisarawe ambacho sitakitaja jina, na sababu mtaiona. Mwenyeji wangu alikuwa Shomari Pazi, mkulima wa muhogo na korosho, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mcheshi kupita kiasi. Aliposikia mimi ni Mnyamwezi, akapiga makofi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kwake hiyo ilikuwa barua tosha ya utambulisho. "Mpagazi kaja na mzigo wake!" alisema akilipokea begi langu la kamera. Nikamjibu kwamba mzigo ningeweka chini kama Wazaramo wangeacha ngoma japo siku moja wakajenga pa kuuweka. Tukawa ndugu palepale.

Shomari ndiye aliyenipeleka kwenye msitu wa ukoo wao. Ni kipande kidogo tu, unaweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, lakini ndani yake mlikuwa na mivule ambayo watu watatu wakishikana mikono hawawezi kuizunguka, na chemchemi iliyo wazi kama kioo, na mbega juu wakiruka na manyoya yao meupe yakipepea. Ukoo hufanyia matambiko yake pale. Mlangoni, kwenye mvule wa kwanza, kulikuwa na kitambaa cheupe cha bafta kilichofungwa shinani kwa fundo la upande. Shomari alikuwa akikifunga upya kila mwaka kabla ya mvua za vuli, kama alivyofanya baba yake.

"Hiki ndicho askari wetu," aliniambia. "Mkata kuni, mchoma mkaa, awe wa hapa, awe wa Bara, akikiona hiki anageuka. Anajua pana wenyewe." Kisha akanipa masharti: kuvua viatu, kutokata kitu, kutopiga kelele. Akaniamini. Akaenda kuwafukuza ngedere kwenye muhogo wake, akaniacha peke yangu.

Nikafunga stendi, nikatazama kwenye kamera. Kila kitu kilikuwa kizuri isipokuwa kile kitambaa. Mwanga wa asubuhi ulikigonga kikawaka katikati ya kivuli, jicho likawa haliendi kwingine. Nilisogea kushoto, nikasogea kulia, haikusaidia. Nilitaka msitu ambao haujaguswa na mkono wa mtu, na pale palikuwa na fundo. Basi nikalifungua. Nilijiambia nitalirudisha baada ya dakika tano. Nikapiga, nikapiga tena, mbingu ikafunguka. Mvua ilikuja na upepo wake, nami nikakumbatia kamera kama mtoto mchanga na kukimbia mpaka kwa Shomari. Kitambaa nilikuwa nimekisokomeza kwenye mfuko wa pembeni wa begi.

Nilikikuta nimeshafika Kibaha. Siwezi kusema nilisahau, maana nilikikuta mara nyingi. Bafta ni laini, haikwaruzi kioo. Kwa miezi tisa nilikitumia kufutia lenzi.

Saa kumi na moja alfajiri, Picha ya Ndege. Nilipanga begi. Kitambaa nilikuwa nimekifua kwa sabuni siku mbili kabla, nikakikunja vizuri. Mpango wangu ulikuwa kukirudisha mtini kimyakimya, mtu asijue. Nikipenda kujichora mtu mwema naweza kuishia hapo. Lakini mpango ulikuwa kukirudisha baada ya kupiga picha ya pili, siyo kabla. Namba ya Shomari nilikuwa nayo, na sikuwa nimempigia hata siku ya Idi. Nilijua akipokea tu ataniuliza habari za kitambaa.

Saa kumi na mbili na nusu, Soga. Nilikuwa nimeiacha lami na kushika njia ya vumbi, jua likichomoza nyuma ya nguzo za reli mpya. Kituo kiling'aa kwa vioo, na chini yake mama mmoja alikuwa akikaanga vitumbua kwenye moto wa mkaa. Nilinunua vitatu. Akaniuliza naelekea wapi na begi kubwa vile, nikamwambia naenda kupiga picha za misitu.

"Fanya haraka basi," alisema, akigeuza kitumbua. "Maana huu mkaa mnaopikiwa vitumbua ndiyo hiyo misitu."

Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu nilijihesabu upande wa wanaoitunza.

Kutoka Soga kwenda mbele, njia inaingia kwenye mapori na mashamba ya mikorosho, mchanga mwingi, pikipiki inacheza kama ng'ombe asiyetaka josho. Wachoma mkaa nilipishana nao wengi, kila mmoja na pikipiki iliyobebeshwa magunia matatu, manne, dereva amekaa juu ya tangi la mafuta. Nilikuwa nikiwatazama kwa dharau. Mmoja nilimpiga picha kwa simu nikiwa nimesimama kando, nikafikiria maneno ya kuiwekea mtandaoni, maneno makali kuhusu watu wasiojali vizazi vijavyo.

Saa tatu nilikunywa chai Mzenga. Saa nne kasoro nikakaribia kijiji, na pale kwenye mteremko ambapo mara ya kwanza nilisimamisha pikipiki kwa kustaajabia ule weusi wa miti, nikaona mbingu. Nilidhani nimepotea njia. Niligeuza pikipiki, nikarudi mpaka kwenye mkorosho ulioinama, nikahesabu tena. Njia ilikuwa ileile. Msitu ndio haukuwepo.

Nimesema haukuwepo, lakini vichaka vya pembeni vilikuwepo, na miti myembamba michache iliyoegemeana. Mivule yote mikubwa ilikuwa imekwenda. Nilivua viatu, sijui kwa nini, nikaingia. Visiki vilikuwa vipana kiasi cha kulalia. Mahali pawili udongo ulikuwa mweusi, umetuna, na chenga za mkaa zimetapakaa; yalikuwa matanuri ya kuchomea. Chemchemi ilikuwa bado inatoa maji, lakini jua lilikuwa linaipiga moja kwa moja, na pembeni yake ng'ombe walikuwa wamekanyaga mpaka pamekuwa tope. Sikusikia mbega hata mmoja. Nilikwenda kwenye kisiki cha mvule wa mlangoni, nikasimama. Ule mpango wangu wa kurudisha kitambaa kimyakimya ulikuwa umekosa hata mti wa kukifungia.

Nilitaka kugeuza pikipiki. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeshavaa viatu na ufunguo nimeutia, na kama Shomari asingekuwa anatoka shambani na jembe begani wakati uleule, ningekuwa Soga kabla ya adhuhuri.

"Mtani!" alipaza sauti. Akatupa jembe, akaja mbio, akanikumbatia hivyohivyo na jasho lake. "Mungu kakuleta. Wallahi, leo hii hii! Simu yangu iliingia maji masika, namba zote zikaenda. Nimekutafuta mpaka nimechoka."

Alikuwa amekonda. Ule ucheshi ulikuwepo, lakini ulikuwa ukikatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri.

Saa sita mchana, nyumbani kwa Shomari. Binti yake, Zuhura, alituletea ugali wa muhogo na kisamvu, akanisalimu na kuondoka bila kuketi kuongea kama alivyofanya mara ya kwanza. Baba yake akanieleza. Kwa desturi yao, mvua zikishika hakuna anayekwenda msituni mpaka zikatike. Zilikatika, akaenda, akakuta mivule imelala na moshi unafuka. Wachoma mkaa walikuwa watu wa mbali. Mtendaji wa kijiji alipowabana, walisema kitu kimoja tu: walitazama kitambaa kwanza, kama kila mwenye akili anavyofanya, hawakukiona, wakajua ni pori lisilo na mwenyewe.

"Sasa kitambaa kafunga nani? Mimi. Nani anajua siku ya kukifungua? Mimi," alisema Shomari. "Ukoo mzima unasema nimekitoa mwenyewe niwafungulie mlango. Eti nimeuza mizimu ya babu zangu nipate ya kula."

"Wanasema hivyo mbele yako?"

"Afadhali wangesema mbele yangu." Akainua kidole kuelekea nyumba ya jirani, kwa shangazi yake. "Posa ya Zuhura imeletwa tangu mwezi wa tano. Kijana mzuri, fundi wa kuchomelea, yuko Kisarawe mjini. Barua iko kwa Shangazi Tatu, haijafunguliwa. Wazee wamegoma kukaa. Wanasema hawawezi kupokea wageni na mtu aliyewauza. Upande wa kijana wameanza kuuliza kama tuna mposaji mwingine."

Tonge nililokuwa nimelishika nikalirudisha sahanini. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuipenda, anadhani mimi naweza kumsaidiaje.

"Picha, mtani! Wewe ndiye mtu wa mwisho kuingia mle kabla ya mvua. Kwenye picha yako kitambaa kitaonekana. Waonyeshe tu kwamba nilikifunga, kwamba siku ile kilikuwepo. Leo baada ya alasiri wanakutana kwa Shangazi. Mungu hamtupi mja wake."

Ningeweza kumwambia palepale. Tulikuwa wawili tu, sahani kati yetu. Nikanawa mikono, nikasema sawa.

Baada ya alasiri, barazani kwa Bi Tatu. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo huo, mama mnene mwenye kanga ya kijani na miwani iliyofungwa kwa uzi, na kando yake alikaa mdogo wake, Mzee Kondo, ambaye kwa Shomari ni baba mdogo. Kulikuwa na watu wengine sita, saba, wamekaa mkekani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mpagazi umerudi?"

"Nimerudi, bibi."

"Begi lile lile. Hujapata wa kukutua?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimelipakata begi, na kitambaa kilikuwa mfukoni, upande wa kulia, chini ya mkono wangu.

Shomari alieleza, kisha akanigeukia. Nikaifungua picha kwenye simu na kumpa Bi Tatu. Aliisogeza mbali, akaikaribisha, akaisogeza tena. "Ndivyo palivyokuwa," alisema polepole, akatikisa kichwa, na macho yake yakajaa maji. Hakuna sifa niliyopata kwenye maonyesho iliyonifikia moyoni namna hiyo, na sikuistahili hata kidogo.

Mzee Kondo akaipokea. Akaikuza kwa vidole viwili kwa ustadi ambao sikuutegemea.

"Huu si mvule wa mlangoni?"

"Ndio huo," alisema Shomari.

"Kitambaa kiko wapi?"

Simu ikazunguka mkeka mzima. Kila mmoja aliikuza, akatazama shina, akaipitisha. Iliporudi kwa Mzee Kondo, aliiweka chini kifudifudi.

"Siku mgeni anaingia, kitambaa hakipo," alisema. "Kumbe kilitolewa mapema hivyo. Shomari, mwanangu, umemleta shahidi wa kukumaliza mwenyewe."

Shomari aligeuka. Alinitazama mimi. "Mtani, sema. Si ulikiona? Si nilikuonyesha mpaka fundo?"

"Nilikiona," nilisema.

"Mbona picha haina?" aliuliza Mzee Kondo.

"Ni upande niliosimama. Kamera haikukifikia."

Huo ndio uongo wa pili niliousema juu ya msitu ule, wa kwanza ukiwa picha yenyewe, na niliusema bila kutetereka, kwa lugha ya fundi. Shomari alishusha pumzi. Akauchukua mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaubana. "Ahsante, mtani. Mungu akulipe. Mmesikia? Kilikuwepo!"

"Tumesikia," alisema Bi Tatu. "Kama siku ile kilikuwepo, basi alikitoa baadaye. Kuna tofauti gani?"

Mikono ya Shomari ilikuwa bado imeushika wangu. Nilihisi ikilegea kidogo kidogo. Ndani, Zuhura alikuwa akipanga vikombe, na sauti ya vikombe ikasimama.

Nikauvuta mkono, nikafungua zipu ya mfuko wa pembeni, nikakitoa kitambaa na kukiweka juu ya mkeka.

"Nilikitoa mimi," nilisema. "Shomari hakujua. Alikuwa shambani. Nilikifungua nipige picha, mvua ikaja, nikaondoka nacho."

Bi Tatu akakichukua, akakikunjua, akatafuta zile alama za fundo kwa kidole gumba. Kisha akakinusa.

"Kimefuliwa."

"Ndiyo, bibi."

"Kilichafuka kwa nini?"

"Nilikuwa nafutia kioo cha kamera."

"Miezi yote hii?"

"Miezi yote hii."

Akakiweka mapajani. "Kilikukosea nini pale mtini?"

Nilijaribu kumweleza kuhusu mwanga. Nikajisikia nikiongea kama tangazo, nikaacha. Nikasema ukweli uliobaki: nilitaka watu wauone msitu ambao haujaguswa na mkono wa mtu.

"Haujaguswa na mtu," alirudia Bi Tatu. "Na sisi ni nani?"

Nimekaa nalo swali hilo mpaka leo ninapoandika. Nilizunguka mkoa mzima kutafuta pori lisilo na mtu, na lile lililonivutia kuliko yote lilikuwa zuri kwa sababu kizazi baada ya kizazi mtu fulani alitembea na kipande cha bafta akaenda kufunga fundo. Nilimtoa kwenye picha, na nilipomtoa kwenye picha, msitu ukafa.

Mzee Kondo akajipiga paja. Alianza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mabega. "Huyu mtani wetu!" alisema. "Mnyamwezi kaiba nguo ya mizimu! Jamani, mtani ni mtani, tutamfanya nini? Tumvue suruali arudi Kibaha hivyohivyo." Wengine wakaanza kucheka pia. Niliona mlango ukifunguliwa mbele yangu. Utani una haki zake. Mtani akichukua kuku wako unacheka, na asipochukua unaona amekudharau. Ningecheka nao, ningetozwa kuku, mambo yakaisha. Nakiri nilishaanza kutabasamu.

"Hapana, baba," alisema Shomari.

Hakupaza sauti. Alikuwa akitazama mkeka.

"Mtani anachukua mwenyewe unamwona. Anachukua anacheka, na wewe unacheka. Huyu kachukua nikiwa nimempa kisogo, akakaa kimya miezi tisa, na sasa hivi hapa kanidanganya nami nikamshukuru. Huo si utani."

Tabasamu likanikauka usoni, na sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Mzee Kondo naye akaacha kucheka. Akajisogeza mkekani mpaka akafika mbele ya Shomari. "Tumekukosea, mwanangu," alisema. "Mimi kwanza." Bi Tatu akasimama kwa shida, akaingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki iliyokunjwa pembe. Aliiweka mbele ya Shomari, akarudi kuketi. Vikombe vikaanza kusikika tena kule ndani. Mtu akauliza kama siku ya kukutana na upande wa kijana iwe Ijumaa, wakaanza kuijadili kana kwamba mimi sipo, na hilo nililiona ni haki.

Baadaye Bi Tatu akanigeukia. Nilimwuliza kama naweza kununua bafta mpya, nije kuifunga mwenyewe kwenye mti wowote uliobaki.

"Hapana. Tutafunga yetu," alisema. "Na hiki chukua. Kimeshakuwa cha kamera."

"Nitaishusha picha, bibi. Nitawaambia wote waifute."

"Usiishushe. Ukiishusha utakuwa umeficha tena. Iache, na hao waliokusifu uwaambie kama ulivyotuambia sisi. Useme yote, na uongo wako wa leo pia. Jina la mahali usitaje. Jina la Shomari litaje."

Hiyo ndiyo faini yangu, na haya mnayosoma ndiyo malipo yake.

Saa kumi na moja na nusu jioni niliondoka. Kule kwao mgeni hasindikizwi kwa maneno. Mwenyeji hutoka naye mpaka njia panda, na njiani ndipo mazungumzo matamu yanapoanza. Niliaga watu wote mkekani. Shomari aliitikia vizuri, kwa heshima, akabaki amekaa na bahasha yake. Nilivaa kofia ya pikipiki peke yangu uani, na Zuhura aliyekuwa anachota maji kwenye pipa alisubiri nipite ndipo aendelee.

Mwanga wa saa ile ni ule ambao sisi wapiga picha huusubiri siku nzima. Ulilala juu ya visiki, ukapita kwenye vumbi, ukafanya hata matanuri yale ya mkaa yawe na rangi ya dhahabu. Begi lilikuwa mgongoni. Sikusimama. Njiani nilipishana na yule niliyempiga picha asubuhi, au mwenzake, anarudi na magunia matupu. Alinipungia mkono nami nikampungia, kisha nikasimama mbele kidogo nikaifuta picha yake. Wenzake waliokata msitu walitazama kitambaa kwanza, angalau. Giza lilinikuta Soga, na treni ilikuwa inapita juu na taa zake zote, watu wamekaa madirishani wanaitazama nchi ambayo kwa saa ile hawawezi kuiona.

Jumapili niliwaandikia waandaaji wa maonyesho, nikawaeleza yote, nikaomba picha isiingie kwenye kalenda bila maelezo hayo. Wakanijibu kwa upole kwamba kitambaa ni jambo dogo, kwamba kusafisha fremu ni kawaida, kila mmoja hufanya. Najua kila mmoja hufanya. Jumatatu nilimwomba mkuu wetu wa ofisi ruhusa ya kubandika maelezo haya chini ya picha, pale mapokezi. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza kama nina uhakika. Alisema mtu akinyamaza, haya mambo hupita.

Jumatano mchana, nilipokwisha kubandika, nikampigia Shomari; sehemu hii ya mwisho nimeiongeza baadaye. Alikuwa ameshapata simu nyingine, na namba yake ilikuwa ileile. Nilimweleza nilivyoandika.

"Umeandika na uongo wa pale barazani?"

"Nimeandika."

"Na jina langu?"

"Shomari Pazi. Nimeandika wewe ndiye uliyekuwa unautunza."

Nilisikia kuku kwa upande wake, na mtu akitwanga.

"Haya, ndugu Festo," alisema. "Zuhura anaolewa baada ya korosho."

"Alhamdulillahi," nilisema, mimi Mkristo, kwa furaha ya kweli. Kwao harusi haikamiliki bila watani. Ndio wanaoziba mlango, ndio wanaoficha viatu vya bwana harusi, na nilishaanza kuwaza nitakwenda na nini. Nikamwuliza ni tarehe ngapi.

"Nimekwambia ujue tu," alisema. "Wewe usije."